Tupeane uzoefu: RAM iliyotulia wakati wa kusi, kaskazi ikanitoa jasho

Mleta mada, Malindi
Wadau, salaam. Tukusanye visa vya kuchezea BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ya mazabodi mpya, ile bodi kuu, hasa upande wa RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine. Naanza na changu.

Julai niliunga mashine ya kuhariri video za harusi: prosesa ya AMD Ryzen 7000 na RAM mbili za DDR5, kizazi kipya cha RAM. Nikawasha EXPO, mpangilio wa tayari wa kuipandisha RAM kasi, ikapanda kutoka 4800 hadi 6000. Nikanogewa. Nikaingia kwenye taimingi, yaani vipimo vya muda vya RAM; tREFI nikaisukuma mpaka 65535, halafu nikaiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikikimbia usiku kucha. Kosa hata moja hakuna.

Ikaja Machi, upepo umekata, saa nane mchana chumba ni tanuri. Mashine haizimi wala haigandi, lakini video zinatoka na vijiraba vya kijani usoni mwa bi harusi. Nikashuku diski, nikashuku programu, nikashuku kadi ya picha. Wiki mbili zikapotea hivyo. Siku moja nikagusa RAM kwa mgongo wa kidole, nikautoa mbio.

tREFI ni muda ambao RAM inasubiri kabla ya kuzijaza upya chaji seli zake. Ukiurefusha unapata kasi, lakini penye joto chaji huvuja upesi. Mimi nilipima usiku wa kusi! Nimeirudisha Auto, nimeweka feni ndogo ikipuliza RAM moja kwa moja, na nimepima tena mchana, madirisha yamefungwa. Imetulia. Harusi ile niliihariri upya yote, maana ile siku yao hairudiwi.

Mdau, Mkomani, Lamu
Pole sana ndugu yangu. Changu ni skrini nyeusi. Mashine ya DDR5 ikiwashwa mara ya kwanza hujipima na RAM zake, na huchukua dakika kadhaa bila kuonyesha kitu. Mimi sikujua. Nikaizima katikati mara tatu, nikaamini mazabodi imekufa. Nikaipakia kwenye boti hadi Mokowe, kisha basi mpaka Malindi kwa fundi. Fundi akaiwasha, akaagiza chai. Chai haijapoa, BIOS hii hapa.

Mdau, Langoni, Lamu
Mimi bado niko DDR4. Nilisasisha BIOS, kumbe mipangilio yote hurudi ya kiwandani: XMP, ndugu yake EXPO, ikajizima, RAM ya 3200 ikawa inakwenda 2133 kwa miezi. Vijana wanaocheza gemu kwangu ndio walioniambia mashine imekuwa nzito. Sasa kabla sijagusa kitu napiga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Na msisasishe bila UPS, ile betri ya akiba, stima ikikatika katikati ni kilio.

Mdau, Malindi
Mleta mada, angalia na volteji ya SoC, sehemu ya prosesa inayoongoza RAM; EXPO huipandisha. Mwaka 2023 kuna prosesa za Ryzen 7000X3D zilizoungua, AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Mazabodi iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuwa na BIOS ya kabla ya hapo.

Mleta mada, Malindi
Ahsante sana kaka. Nimeingia sasa hivi: EXPO imeniwekea 1.35. Nimezima EXPO, kurasa nimeshazipiga picha, UPS inajaa. Nasasisha usiku huu.