Nilisambaza picha ya "mwizi", kumbe si mwizi. Nifanyeje?

MkaziInnercore
Habarini wadau. Naandika haya kwa aibu. Jumapili usiku jirani aliweka kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu hapa Umoja picha ya kamera ya geti: yule kijana wa maji, amebeba mtungi wa gesi wa kilo 6 begani. Chini yake: "Mwizi ndiye huyu, tumjue." Mimi, bila kuuliza lolote, nikaituma kwa makundi matatu: la chama, la kanisa na la wazazi wa shule. Tena nikaongezea ya kwangu: "Huwa anazunguka mtaa wote."

Leo mama wa ghorofa ya nne amerudi kutoka ushago. Ni yeye aliyemtuma kijana akambadilishie gesi, na alimlipa. Kijana hajaonekana tangu Jumatatu. Mkokoteni wake uko kwa mama mboga, umefungwa mnyororo. Nifute nikae kimya, ama niseme?

ShoshoWaMtandao
Mwanangu, Nairobi hii ukiita mtu mwizi, tairi hufika kabla ya swali. Wacha simu kwanza. Uliza mama mboga anakoishi huyo kijana, mwende na huyo mama wa ghorofa ya nne. Mengine baadaye.

FundiSimu
Kufuta kwa wote kunawezekana kwa siku mbili na saa kadhaa tu baada ya kutuma, kwa hivyo angalia saa. Muda ukipita, msimamizi wa kundi bado anaweza kuifuta. Lakini walioihifadhi ama kuituma kwingine huwafikii. Ikionyesha mishale miwili, jua imeshapita mikono mingi. Tangu 2020 WhatsApp huruhusu ujumbe wa aina hiyo kutumwa kwa kundi moja tu kwa wakati mmoja, na bado unatembea.

KimyaKingi
Futa, nyamaza. Ukikiri umejifungulia kesi mwenyewe. Watu husahau.

KaraniMstaafu
@KimyaKingi wanasahau nani alituma, sura hawaisahau. Kuhusu kesi: Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, lakini mtu bado anaweza kukudai fidia. Kuomba msamaha mapema hakukuharibii; kukaa na uongo ukijua ni uongo ndiko kunakoharibu. Na msichukulie picha za watu kuwa mchezo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza kilabu kimoja hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hiyo ni biashara, wewe ni mtu binafsi, lakini uso ni wa mwenyewe vilevile.

Andika katika kila kundi ulikotuma. Usirudie picha. Usiseme "kama kuna aliyekwazika". Sema: nilituma, nilikosea, kijana alitumwa na mwenye mtungi.

MamaWawili
Na jirani aliyeanza je? Mbona anayeungama ni huyu peke yake?

MkaziInnercore
@MamaWawili nimemwambia. Amenijibu kwamba yeye "aliuliza tu". Sijabishana naye.

Tumempata kijana, yuko kwa dada yake Kariobangi. Hakupigwa, ila Jumatatu vijana wa steji walimfukuza, akaacha mkokoteni hapo na kukimbia. Nilipoanza kuomba msamaha akanikata: kundi la wazazi, ndiko wateja wake wengi waliko, nianze huko.

Nimeandika vile Karani alivyosema. Kanisani wamejibu amina, kwenye chama kimya. Kwa wazazi kuna mmoja ameniuliza, "Una uhakika si mwizi?" Siku ya picha hakuna aliyeniuliza kama nina uhakika. Nimemtumia namba ya mama wa ghorofa ya nne, kwa ruhusa yake. Bado hajapiga.