Kama hakuna roho, ni nani anayezaliwa upya? Naomba kueleweshwa kuhusu imani ya Wabuddha

Mkaazi wa Ruwi:
Wanajukwaa, salaam. Nafanya kazi katika bohari moja hapa Muscat, na chumbani tunakaa wawili, mimi na Msinhala mmoja kutoka Kurunegala, Sri Lanka. Mwezi uliopita alifiwa na mama yake. Hakupata nafasi ya kusafiri kwenda nyumbani, hivyo mazishi aliyafuatilia kwenye simu, nami nikakaa kando yake kwa kuwa kumwacha peke yake usingekuwa utu. Jambo lililonishangaza ni kwamba, mbele ya watawa waliovaa majoho ya rangi ya zafarani, ndugu wa marehemu walishika birika moja kwa mikono mingi, wakamimina maji polepole katika kikombe kilichowekwa juu ya sahani, kikombe kikajaa, kikafurika, na bado wakaendelea kumimina hadi watawa walipomaliza kusoma. Mwenzangu aliniambia kwamba hapo wanamtumia mama thawabu.

Nilichokuwa nikijua ni kwamba Wabuddha huamini mtu hufa akazaliwa tena kulingana na matendo yake mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, thawabu za watoto zinaingiaje katika hesabu ya mama? Halafu nilipomwuliza kama roho ya mama yake imeshapata mwili mwingine, alitikisa kichwa akasema kwamba kwao hakuna roho ya namna hiyo. Niliona haya kumbana zaidi mtu aliye msibani. Sasa kama hakuna roho, anayezaliwa upya ni nani? Sitafuti mabishano ya dini ipi ni ya haki. Natanguliza shukrani.

Mwanafunzi Mkongwe:
Ndugu mleta mada, mpe pole mwenzako, na ulifanya jambo la kiungwana kutombana. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote.

Wengi wetu tuliokua jirani na Wahindi tumezoea maelezo ya Kihindu, kwamba ipo nafsi ya milele inayovua mwili mmoja na kuvaa mwingine kama mtu anayebadilisha nguo. Buddha, aliyefundisha kaskazini mwa India yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, alikubali kuzaliwa upya lakini akaikataa nafsi hiyo. Kwa mafundisho yake, kile tunachokiita "mimi" ni fungu la mambo matano, yaani mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu, na kila moja kati ya hayo linabadilika bila kukoma, kiasi kwamba ukiyapekua yote hutamkuta mwenye nyumba aliyejificha ndani. Kwa hiyo hakuna kinachohama kutoka maiti kwenda kwa mtoto. Kinachoendelea ni mfuatano wa sababu na matokeo: maadamu tamaa na ujinga havijakatika, ufahamu wa mwisho wa maisha haya unakuwa sababu ya ufahamu wa kwanza wa maisha mengine. Vikikatika, mfuatano unakoma, na huko ndiko kunakoitwa nirvana.

Swali lako si geni hata kidogo. Katika masimulizi ya Kibuddha, Mfalme Milinda, ambaye ni Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, alimhoji mtawa Nagasena juu ya jambo hili hili. Nagasena alimtajia taa inayowaka usiku kucha: je, mwali wa usiku wa mapema ndio ule ule wa alfajiri? Si ule ule, na hata hivyo huwezi kusema ni mwingine, kwani kila mwali umewashwa na uliotangulia. Mfalme, kwa ujanja wake, akaona mwanya: ikiwa anayezaliwa si yule yule, basi si ameponyoka na madhambi yake? Nagasena akamletea habari ya mwizi wa maembe anayejitetea kwamba hakuiba chochote, kwa maana maembe aliyopanda mwenye shamba si haya aliyoyachuma yeye. Mfalme mwenyewe alikiri kwamba mwizi huyo anastahili adhabu, kwa sababu maembe haya yametokana na yale. Kwangu mimi, mfano huu unafafanua zaidi kuliko ule wa taa.

Mpita Njia wa Tanga:
Kwa heshima zote, mwalimu, naona haya ni majaaliwa yaliyobadilishwa jina. Mtoto akizaliwa kipofu, itasemwa alikosa katika maisha yaliyopita, na maskini atalaumiwa kwa umaskini wake. Je, huko si kumgandamiza aliyekwisha kuanguka?

Mwanafunzi Mkongwe:
Ndugu yangu, dukuduku lako ni la haki. Wapo Wabuddha wanaozungumza hivyo hasa, na yapo maandiko yao yanayounganisha umri mfupi na uuaji, na maradhi na ukatili kwa viumbe. Lakini hesabu yenyewe haijanyooka kama unavyoidhania. Kwanza, Buddha alisema kwamba anachokiita karma, yaani tendo linalomzalia mtu matokeo, ni nia, na hapo alitofautiana na Wajaini wa zama zake, wafuasi wa dini nyingine ya India, ambao kwao hata kiumbe aliyekanyagwa bila kukusudia humwandikia mtu deni. Pili, mtu mmoja aitwaye Sivaka alimwuliza kama kila kinachompata mtu kinatokana na matendo ya zamani, naye akakanusha: akataja nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mchanganyiko wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, kutojitunza na kushambuliwa, ndipo akaitaja karma kuwa sababu ya nane. Anayemtazama mgonjwa na kusema "amejitakia" anadai kujua asichokijua.

Tena upo mfano wa bonge la chumvi. Ukilitia katika kikombe cha maji hayanyweki, ukilitupa katika mto Ganges hakuna atakayeonja. Kosa ni lile lile, ila aliyeukuza moyo wake halimwelemei kama linavyomwelemea aliyeudumaza. Majaaliwa hayana nafasi ya kuongezewa maji.

Bi Mwanaidi:
Nami niongeze kuhusu birika, kwani limesahauliwa. Nimewahi kukaribishwa katika hekalu la Wabuddha wenye asili ya Sri Lanka lililoko Upanga, Dar es Salaam, na nilieleweshwa hivi: thawabu haihamishwi kama fedha za simu. Watoto hutenda jema, kwa mfano kuwalisha watawa, kisha humwalika marehemu alifurahie jema hilo, na furaha yake mwenyewe ndiyo inayokuwa karma njema kwake. Maneno ya Kipali, lugha ya maandiko yao, yanayosomwa maji yakimiminwa yanasema kwamba kama mvua ya nyanda za juu inavyoteremka bondeni, ndivyo kinachotolewa hapa kinavyowafikia waliotangulia. Hata hivyo maandiko yao yanaweka mpaka: anayefikiwa ni yule aliyezaliwa miongoni mwa mizuka wenye njaa, si aliyezaliwa mtu, mnyama, mungu au mtu wa motoni. Asipokuwa huko, watafaidi jamaa wengine waliopo huko, na mtoaji naye hakosi fungu lake.

Mleta mada asishangae akikutana na Mtibeti anayesema vingine. Watibeti huhesabu hadi siku 49 kati ya kifo na kuzaliwa upya, ilhali Watheravada, ambao ndio madhehebu ya mwenzako, kwa kawaida hufundisha kwamba hakuna kituo katikati.

Mkaazi wa Ruwi:
Shikamoo Bi Mwanaidi, na ahsante mwalimu. Jana usiku nilimsimulia mwenzangu habari ya mwizi wa maembe, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, maana anaijua tangu utotoni. Aliniambia kwamba jioni ya siku ya sita mtawa alikuja kuwahubiria nyumbani, siku ya saba wakalisha watawa, na sasa anatunza sehemu ya mshahara kwa ajili ya sadaka ya kutimiza miezi mitatu tangu kifo. Nilimwuliza watapika nini. Akasema wali na mchuzi wa fenesi changa, kwa kuwa ndicho chakula alichokipenda mama.