Naomba ushauri: kuuza friji iliyotumika mtandaoni

Habari zenu wakuu. Niko Tabata, nahamia Dodoma kikazi, na kukodi fuso kubeba kila kitu naona hailipi. Nauza friji ya milango miwili. Nilinunua mpya 2021 kwa 780,000, inagandisha vizuri, mpira wa mlango tu umelegea kidogo. Nimeposti picha kwa 450,000. Wanaokuja inboksi ni "mwisho ngapi?" kisha kimya, na madalali wanaotaja 150,000 bila hata kuuliza lita. Mmoja anataka nimpakilie kwenye kirikuu, hela atarusha mzigo ukifika. Thubutu!

Friji ya umri huo bei ya haki ni ngapi? Na mteja akilipa kwa simu, zaidi ya kuangalia salio kabla hajabeba, nichunge nini kingine?