Mjadala: Bili za mita Unguja, tunalipia maji au tunalipia mfereji?

Mleta mada (Mjini Magharibi):

Assalaam alaykum waungwana.

Siku hizi ukikaa baraza lolote hapa Unguja, mazungumzo hayapiti dakika kumi bila ya kufika kwenye mita. Mita za maji zinafungwa mtaa baada ya mtaa, na anayefungiwa anaachana na malipo ya mkupuo ya kila mwezi, anaanza kuhesabiwa kwa uniti. Watu wamekasirika, na wanaowajibu wana neno moja tu: "Wazanzibari mmezoea vya bure." Neno hilo si la kweli, na ndilo linalozuia tusifike kwenye hoja yenyewe.

Kwa vijana wasioijua historia: Sayyid Barghash ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi kuyaleta mjini, miaka ya 1880, na watu wakachota bila ya kutoa pesa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maji ya bure yakawa ahadi ya serikali, sawa na skuli na matibabu. Ahadi hiyo ilishika zaidi ya miaka 40. Sheria ya Maji Na. 4 ya 2006 ndiyo iliyoibadilisha: ikaundwa mamlaka ya kujitegemea, na nyumba za kawaida zikaanza kudaiwa. Kisha Sheria Na. 7 ya 2013 ikaleta ZURA, ya kudhibiti huduma za maji na nishati. Kwa hivyo suala la kulipa au kutolipa limeshapita kwenye Baraza la Wawakilishi. Lililobaki ni kile tunacholipia.

Chukueni nyumba ya kawaida, mtaa wowote ambao maji huja usiku. Mama wa nyumba anaamka saa nane kwa sababu kasikia mfereji unavuma. Anafungua. Kwanza hutoka upepo, unapiga kelele na kutema matone. Halafu hutoka maji mekundu ya kutu, anayaacha yamwagike. Yanapotakata ndipo anapoanza kujaza ndoo, madumu, mapipa, mpaka sufuria. Mita ya kawaida ya kuzunguka haijui tofauti ya upepo na maji: kinachopita kinaizungusha. Yale ya kutu nayo yamehesabiwa. Ikifika asubuhi mama huyu amepoteza usingizi na tayari anadaiwa, na bado hajakunywa tone, kwa sababu ya kunywa atayachemsha kwa gesi yake au atayatia dawa aliyoinunua mwenyewe.

Mtu huyu hajazoea bure. Analipa siku nyingi: analipa kwa mwenye gari ya maji, kwa kijana wa mkokoteni, kwa jirani mwenye kisima, kwa umeme wa pampu. Bili inakuja juu ya hayo yote.

Msimamo wangu ni kwamba nyumba inayopata maji salama ilipe, na isiyopata isidaiwe. Na matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe kwa sheha kila mwezi, tuyaone kabla ya kuiona bili. Nakaribisha hoja.

Mchangiaji wa Kikwajuni:

Mwanangu, umesema vizuri lakini umekubali haraka mno kwamba la kulipa limeshapita. Sheria hutungwa na watu, na watu huzibadilisha. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya sitini tulielezwa kwamba maji ni haki ya kila mwananchi, mwenye nacho na asiye nacho. Mfereji wa mtaani haukumuuliza mtu anafanya kazi gani. Leo mjane asiye na mtoto wa kumtumia pesa akishindwa kulipa, atakatiwa? Maji ya kuoshea maiti yake mtayatoa wapi? Hata Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio mwezi Julai 2010 kwamba maji safi na salama ni haki ya binaadamu. Mimi silipi kwa moyo mkunjufu, nalipa kwa kuogopa kukatiwa, na hilo nataka liandikwe.

Mchangiaji wa Mwanakwerekwe:

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, haki ya maji na maji ya bure ni mambo mawili. Azimio hilo la 2010 halikusema popote kwamba maji yasilipiwe.

Mimi nafanya kazi ya hesabu, na naomba tuutazame umeme. Unguja haina mto mkubwa wa kuteremsha maji kutoka mlimani. Karibu yote tunayokunywa yako chini, kwenye mawe ya matumbawe, yaliyochujika kutokana na mvua. Kuyapandisha ni pampu, na pampu ni umeme, na umeme wetu unatoka bara kwa waya wa baharini. Mnakumbuka Mei na Juni 2008, umeme ulipokatika karibu mwezi mzima? Mnakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu? Taa zilikuwa shida ndogo. Watu walikuwa wanahangaika na ndoo mji mzima, kwa sababu visima vilikuwa na maji na hakuna cha kuyavuta. Nani alipe umeme huo kila mwezi, ikiwa kila nyumba itasema maji ni haki?

Na jengine. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kila mmoja achukue bei ya dumu mtaani kwake azidishe mara 50, halafu aiweke karibu na bei ya uniti. Anayetuumiza zaidi ni mwenye dumu, ila yeye hatumfanyii mjadala.

Mchangiaji wa Jang'ombe:

Kaka wa Mwanakwerekwe, hesabu yako ni ya nyumba ya mtu na mkewe na watoto wawili. Njoo huku kwetu. Nyumba moja ya ukoo, ua mmoja, mita moja, na ndani yake bibi, watoto wake walioolewa na kuoa, wajukuu, na mpangaji chumba cha uani. Ikiwa bei ya uniti inapanda kila matumizi yanapozidi, nyumba hiyo itahesabiwa kama ya tajiri mwenye bustani, wakati kila mtu ndani yake anaoga kopo. Kisha bili ikija inakuja kwa jina la marehemu babu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: nani alifua sana, mpangaji achangie ngapi, aliyesafiri Ramadhani alipe au asilipe. Udugu unaharibika kwa sababu ya karatasi.

Anayepanga bei ahesabu vichwa. Masheha wana daftari la wakaazi, wanatujua mmoja mmoja. Kwa nini daftari hilo litumike kwa kila kitu isipokuwa hili?

Fundi mfereji, Amani:

Naomba niseme mambo ambayo wateja wangu hawapendi kuyasikia.

Maji yanapokuja kwa nguvu ndogo, mwenye uwezo ananunua mashine anaifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Hafungi kwenye tangi lake, anafunga kwenye bomba. Mashine ile inavuta. Jirani wa mbele haoni kitu, wa nyuma haoni kitu. Na si hayo tu. Bomba likiwa limejaa, maji yanasukuma nje; penye ufa yanavuja, lakini kichafu hakiingii. Likiwa tupu, tena linavutwa na mashine, ufa ule ule unageuka mdomo. Linanyonya kilichoko pembeni yake. Na pembeni yake mitaani kwetu kuna nini? Kuna karo, shimo la maji machafu ya choo. Nimeshachimba sehemu bomba linapita kwenye udongo mweusi, unyevunyevu, unanuka, hatua chache kutoka karo la nyumba, na bomba lenyewe limeungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Ndiyo maana mtu anaweza kupima maji kisimani yakatoka mazuri kabisa, na ya mferejini yakawa hayafai. Wote wawili wanasema kweli. Mleta mada, vipimo unavyovitaka, sema vichukuliwe wapi. Vikichukuliwa kwenye pampu havitakusaidia chochote.

Na wanaozungusha bomba pembeni ili mita isisome, nawajua, na wengine wao ndio wanaopiga kelele zaidi kuhusu bili. Mimi kazi hiyo siifanyi.

Mchangiaji wa Jambiani:

Mnajadili kama Unguja ni mjini peke yake. Huku pwani ya mashariki jiwe liko juu na maji matamu ni tabaka jembamba lililokaa juu ya maji ya bahari. Ukivuta taratibu unapata matamu. Ukivuta kwa pupa, bahari inapanda, kisima kinaingia chumvi, na chumvi ikishaingia haitoki kwa mwezi wala miwili. Bibi zetu walikuwa na visima wakivijua kwa majina, kipi cha kunywa na kipi cha kufulia. Vingine leo hata chai haikubali.

Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilitoa utafiti uliofanywa Kiwengwa, Nungwi na hapa Jambiani. Nyumba ya mwanakijiji ilikutwa inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, nyumba nzima. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano, lita 3,195. Nasoma tarakimu hizo kila mara na kila mara zinaniuma. Sipingi hoteli, mwanangu anafanya kazi kwenye hoteli. Lakini msije mkaanza kuhesabu madumu ya mwanakijiji kabla hamjaenda kuweka mita kwenye visima ambavyo hoteli zimejichimbia wenyewe. Maji ya chini hayana ukuta. Anayevuta kwake anavuta na kwangu.

Mchangiaji wa Chake Chake:

Niongeze kidogo la afya, nimestaafu kwenye kazi hiyo. Aprili 2016 skuli za Unguja na Pemba zilifungwa kwa sababu ya kipindupindu, na biashara ya vyakula vya barabarani ikapigwa marufuku. Tusisahau upesi.

Vipimo vyenyewe si siri kubwa. Maji ya kunywa yasiwe na bakteria wa kinyesi, E. coli, hata mmoja ndani ya mililita 100. Klorini ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale yanapotoka mferejini, ndipo ukajua dawa haijaisha njiani. Naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Hiyo inatoka kwenye makaro na mbolea, na inawadhuru zaidi watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Kuchemsha hakuiondoi. Ile chokaa nyeupe inayoganda kwenye birika, ambayo watu huilalamikia sana, ni ya mawe yetu na haina madhara makubwa. Kinachoua hakionekani kwa macho wala hakina ladha.

Karatasi yenye tarakimu hizo tatu, kila shehia, kila mwezi, si gharama ya kumshinda mtu.

Mleta mada:

Ahsanteni sana. Fundi, nimekuelewa, na nasema wazi: vipimo vichukuliwe mferejini, nyumba ya mwisho ya njia, pale maji yanapofika yamechoka. Daktari wetu wa Chake, nimeinakili orodha yako kama ilivyo. Bi wa Jang'ombe, hoja yako ya vichwa nimeibeba, kwa sababu Afrika Kusini walijikwaa hapo hapo. Mwaka 2001 wao walianza kutoa lita 6,000 za mwanzo bure kwa kila nyumba kwa mwezi. Lilikuwa jambo jema, lakini kipimo kilikuwa cha nyumba, na nyumba za watu wengi zilimaliza mapema. Wakaazi wa Phiri, Soweto, walizipeleka mita za kulipia kabla mpaka Mahakama ya Katiba, na Oktoba 2009 wakashindwa. Sisi tungeweza kutoa uniti za bure kwa kichwa tangu mwanzo, na mzee wetu wa Kikwajuni akapata la kumtuliza kuhusu mjane wake.

Ila kaka wa Mwanakwerekwe, nakuuliza wewe moja kwa moja. Umesema umeme lazima ulipwe. Sawa. Mwezi ambao vipimo vya shehia vinaonesha maji hayafai, au mfereji haukutoa kitu wiki mbili, je, bili isamehewe?

Mchangiaji wa Mwanakwerekwe:

Wiki mbili bila maji, isamehewe, hilo sina shida nalo. Mita nzuri itajionesha yenyewe, ikiwa itafungwa na kitoa upepo mbele yake.

Ya vipimo ndiyo sikubaliani nawe. Ukisamehe kila shehia yenye maji mabaya, mapato yanaanguka pale pale ambapo bomba linahitaji kubadilishwa. Mwaka unaofuata maji yatakuwa mabaya zaidi na msamaha utaendelea. Mimi ningesema watu walipe, lakini pesa za shehia ile zizuiwe, zisitumike kwa kitu chengine chochote mpaka bomba lake litengenezwe, na sheha awe na nakala ya hesabu.

Mchangiaji wa Jang'ombe:

Na wakati zinazuiwa, mimi namnywesha nini mjukuu wangu wa miezi minne? Kaka, daktari kashasema kuchemsha hakutoshi. Nalipia bili, nalipia na maji ya chupa. Weka hiyo kwenye hesabu yako kisha unijibu.