Programu ya kisukari cha mimba ilinionyesha kijani siku 17, kumbe sukari ilikuwa juu

Wadau, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kama unatengeneza programu za afya za simu, soma mpaka mwisho. Kama ni mjamzito na unatumia mojawapo, soma halafu ukague yako leo hii.

Niligundulika na kisukari cha mimba wiki ya 26, baada ya kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kutolewa damu mara tatu. Kliniki walinipa kadi yenye malengo yangu: asubuhi kabla ya kula sukari iwe chini ya 5.3 (milimoli kwa lita), saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8. Nipime mara nne kwa siku. Nikapakua programu iliyojitangaza kuwa ni ya wajawazito wenye kisukari, na picha ya mama ameshika tumbo. Nikajaza umri, wiki ya mimba, uzito, kila walichouliza.

Siku 17 nikajitoboa vidole na kuingiza namba, na karibu kila namba ikapakwa rangi ya kijani. Nikaenda kliniki moyo mweupe. Muuguzi akachukua simu yangu, akailaza mezani kando ya kadi, akawa anapitisha kidole namba moja moja. 5.9, kijani. 6.2, kijani. 6.4, kijani. Baada ya chakula cha mchana 9.1, kijani. Akanyanyua macho: "Mama, nani kakwambia hizi ni nzuri?"

Simu ndiyo iliyoniambia! Mipaka iliyokuwa ndani yake ni ya mtu mzima mwenye kisukari asiye na mimba: 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, chini ya 10.0 baada ya kula. Walichukua programu yao ya kawaida, wakabadilisha picha ya mbele na jina, basi. Ile wiki ya mimba waliyonilazimisha kujaza ilitumika kunionyesha mtoto amefikia ukubwa wa tunda gani.

Najua kuna watakaouliza kwa nini sikuangalia kadi. Jamani, mtu ameamka na njaa, kidole kinatoka damu, ana wasiwasi na mtoto wake. Anatazama rangi. Rangi iliwekwa pale makusudi ili asihangaike na namba, na mimi niliiamini kama nilivyoelekezwa.

Na mipaka ya mimba haikubanwa hivyo kwa kuonea watu. Sukari ya mama inapita kwenye kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, ila insulini ya mama haipiti. Kongosho la mtoto linalazimika kutengeneza insulini yake, ananenepa kupita kiasi, na akizaliwa sukari yake inaweza kushuka ghafla kwa sababu insulini ile bado imo mwilini. Wiki zinavyosonga ndivyo homoni za kondo zinavyozidi kuufanya mwili wa mama uikatae insulini yake. Kwa hiyo siku 17 za kijani cha uongo katika miezi hii si jambo dogo. Siku hiyohiyo nilipigwa picha ya tumbo, mzunguko wa tumbo la mtoto ukaonekana umezidi wiki zake. Nikaanzishiwa insulini.

Sikuifuta programu, kwa sababu daktari alitaka kumbukumbu. Nikakutana na mengine. Mashine yangu inasoma kwa miligramu, programu inataka milimoli, kwa hiyo kila alfajiri nagawanya kwa 18 kichwani. Kengele ya kupima baada ya mlo inalia saa ileile kila siku, nimekula au sijala, wakati saa inahesabiwa tangu tonge la kwanza. Wiki ya 31 uzito ukapungua kilo moja, ikanipongeza. Mjamzito!

Lakini kuna usiku mmoja siusahau. Saa tisa usiku nimeamka jasho linanitoka, mikono inatetemeka. Napima, 3.4, imeshuka mno. Naingiza kwenye simu nijue la kufanya. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Halafu: "Hakuna mtandao, jaribu tena." Maelekezo ninayoyahitaji ni mafupi kuliko hii aya: kula gramu 15 za sukari ya haraka, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Hayo yalishindikana kukaa ndani ya simu? Picha za matunda zilikuwa zinafunguka bila mtandao. Mume wangu ndiye aliyekimbilia sukari jikoni.

Niliwaandikia mara tatu. Nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa. Mimi sikutoa maoni, nilitoa taarifa kwamba mipaka yenu ni ya watu wengine. Iwekeni ya mimba, na daktari wa mhusika aweze kuibadilisha, maana wengine wanapewa malengo tofauti. Kabla hamjatoa toleo lingine, kaeni na wajawazito wanaopima, muwaone alfajiri wakiwa na kidole kimoja cha kubonyezea.

Mtoto amezaliwa salama, nashukuru. Nilipobonyeza "Nimejifungua", programu ikanionyesha maua, ikafunga ukurasa wa sukari na kumbukumbu zote zikaenda. Haikuniambia kwamba natakiwa kurudia kipimo cha glukosi kati ya wiki ya 6 na ya 12, wala kwamba mimi sasa niko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha ukubwani. Hilo niliambiwa na yuleyule muuguzi. Kipimo ni wiki ijayo, na naenda na daftari la shule nililoanza kuandikia namba kwa kalamu tangu siku ile aliponiuliza.