Mnaofanya useremala nyumbani, vumbi la mbao mnalidhibitije? Tupeane uzoefu

Wakuu, salama? Nina karakana uani hapa Kibaha, nafanya vitanda na makabati ya mninga, siku hizi na MDF (zile mbao za kiwandani za unga wa mbao na gundi). Miaka mitatu nimekuwa nikijifunga leso puani, basi. Juzi mama watoto kapitisha kidole juu ya friji, kikatoka na unga wa rangi ya mninga. Na mdogo wetu anakohoa usiku. Wenzangu mmefanyaje?

*Fundi wa Morogoro:*
Mkuu, mimi nilichomeka mashine ya kufyonza vumbi moja kwa moja kwenye mashine ya msasa. Nusu saa tu filta imeziba, haivuti tena. Nikaweka ndoo katikati: bomba la kuingizia linaingia kwa ubavu ili upepo uzunguke, la kutolea liko katikati ya mfuniko. Maranda na unga mzito vinabaki ndoo, filta inapata kidogo sana. Ila ndoo iwe ngumu! Ya kwanza ilibonyea kama kopo la soda bomba lilipoziba.

*Mstaafu wa Keko:*
Maranda hayana neno, yanaanguka chini unayafagia. Ule unga usiouona ndio mbaya, unaelea hata baada ya kuzima mashine, na wewe ndo unavua barakoa ukidhani kazi imeisha. Mimi vumbi la mbao za mkongo lilinipigisha chafya miaka, mwisho hospitali wakaniambia pumu. Na si pumu tu: shirika la utafiti wa saratani la WHO liliingiza vumbi la mbao kwenye visababishi vya saratani tangu 1995, ya pua hasa. Leso haizuii kitu. Nunua N95, ile barakoa ya kuchuja unga mdogo. Na vijana mnaojipuliza nguo kwa kompresa, acheni, mnalirudisha lote hewani. Nyunyiza maji kidogo ndo ufagie.

*Mgeni jukwaani:*
Wakati wa korona Wamarekani walifunga filta nne kuzunguka feni ya inchi 20, wakapata kisafisha hewa. Nikaiga kwa filta ya hewa ya lori. Feni iliunguruma tu, upepo haupiti, karatasi ile ni nzito mno kwake. Nikabadilisha, nikapanga filta bapa za AC ya gari, sita. Hapo upepo ukapita. Naiacha saa nzima baada ya kazi, na kila wiki nazikung'uta nje. Zimekuwa kahawia kama chai.

*Mke wa fundi:*
Nguo za kazi zinavuliwa hukohuko karakanani. Kwangu haziingii ndani, hata iwe usiku wa manane.

*Mleta mada:*
Asanteni sana. Ndoo ngumu ya rangi ninayo. Mzee wa Keko, nikiweka feni ya kutoa vumbi dirishani, linaelekea kwenye kamba ya nguo ya jirani. Hapo ulifanyaje?

*Mstaafu wa Keko:*
Nilihamisha karakana, mwanangu.