Picha zangu za chini ya maji zinatoka bluu tupu, msaada wakuu

tanga_mwambao:
Habari wakuu. Nimepata cheti cha Open Water, kile cha mzamiaji anayeanza, mwaka huu, kamera yangu ni Olympus TG-6, naizamisha hivyohivyo bila kasha la kuzuia maji. Juzi nilikuwa Mafia, ghuba ya Chole, kina kama mita 12. Mwongozaji alimmulika chewa kwa tochi: mwekundu kabisa, madoa ya bluu mwili mzima! Kwenye picha yangu chewa huyohuyo ni wa kijivu, na pembeni vitone vyeupe kibao. Flashi ilikuwa inawaka muda wote. Ninunue kamera kubwa au kuna cha kubadilisha kwanza?

mzee_wa_utende:
Kamera inakutosha, tunza hela yako. Jibu unalo mwenyewe hapo kwenye tochi.

Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Mita 5 tu imeshafifia, chungwa na njano zinafuata. Mwanga wa jua uliomfikia chewa wako ulikuwa umepita maji mengi, wa tochi ulipita kidogo tu. Na flashi nayo hulipa nauli ya kwenda na kurudi: samaki akiwa mita 2 mbele yako, mwanga umepita mita 4 za maji. Kwa hiyo sogea. Wageni wangu nawaambia urefu wa mkono, wanabisha. Halafu barakoa ya kuzamia inakudanganya, kitu huonekana karibu kuliko kilipo. Ukidhani umefika, ujue bado.

Vitone ni uchafu unaoelea. Flashi ya TG-6 imekaa jirani na lenzi, inaumulika usoni, sawa na kuwasha taa kubwa za gari kwenye vumbi. Izime. Tafuta tochi ya video yenye mwanga mpana, ishike mbali kando ya kamera, mmulike samaki kwa ubavu.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kwangu, na wauza kamera hawalisemi: angalia maji. Chole kuna mikoko, maji yakitoka yanatoka na tope. Zamia yakijaa, wakati bahari kuu inaingiza maji safi kupitia Kinasi, mlango wa ghuba. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unakimbia, utapita juu ya chewa hata hujainua kamera. Mimi mpiga picha mgeni nampeleka maji mafu, siku za kujaa na kupwa kidogo.

pemba_kaskazini:
Mzee namheshimu ila tochi si lazima kwa kuanzia. Hiyo TG-6 ina mpangilio wa rangi wa chini ya maji, utumie, na upige RAW, yaani faili ghafi la picha, ili urekebishe rangi nyumbani kwenye kompyuta. Usipige ukiangalia chini, shuka usawa wa samaki, elekeza lenzi juu kidogo. Saa nne hadi saa nane mchana jua likiwa juu, mita 6 au 7 zinatosha kabisa.

mzee_wa_utende:
Kwa matumbawe na kundi la samaki, sawa, nakubali. Kwa chewa aliyejificha chini ya mwamba, hapana. Rangi ambayo haikufika kwenye kamera, kompyuta itaitoa wapi?

dada_mapezi:
Kaka, kabla ya yote hayo jifunze kuelea bila kupanda wala kushuka. Nusu ya vitone ni mchanga unaotimuliwa na mapezi yetu wenyewe. Zamia kwanza bila kamera mpaka usiwe unaufikiria mwili. Na angalizo: TG-6 bila kasha mwisho wake mita 15, cheti chako kinakuruhusu 18. Hapo katikati ndipo kamera zinapozama.

tanga_mwambao:
Asanteni sana. Swali moja: samaki mkunga, yule mrefu kama nyoka, nikimsogelea urefu wa mkono si ataniuma?

mzee_wa_utende:
Usiweke mkono tunduni kwake na usimzibie njia. Kaa kando, tulia, pumua taratibu. Akirudi ndani, umesogea haraka. Ngoja, mara nyingi hutoka tena kukuchungulia. Tochi usimmulike machoni muda mrefu.